Huenda

Nesi hakuinua uso. Mimba ngapi?
Tatu.
Walio hai?
Akasubiri, akasikia kimya changu, akaandika sifuri,
sifuri nzuri, ya mviringo, kama kifungo
kilichookotwa, kisichojulikana cha shati la nani.

Mimi ni fundi. Tandika wananijua:
sare za shule, kanzu, gauni za sendofu.
Mwaka wa pili huu vidole vinaamka baada yangu.
Alfajiri ni vijiti. Nangoja jua lipande juu ya bati
ndipo kidole gumba kikubali kuwa changu.
Pete ya ndoa ilikatwa kwa msumeno, Kariakoo,
sonara akipuliza vumbi la dhahabu,
akiniuliza kama mume ni mkali.

Ya kwanza ilitoka wiki ya tisa, Ijumaa, maji yamekatika.
Nilifua kwa nusu dumu.
Ya pili nilikuwa nimeshawaambia watu.
Ya tatu ilicheza. Hilo nalisema mara moja tu:
ilicheza.

Wifi Zawena akasema ni chango.
Mama Shukrani wa nyumba ya mbele akasema ni jicho,
na hii mikono ni maji ya friji na kufua usiku.
Ugonjwa wa juu ukapewa jina lake, wa chini jina lake,
kana kwamba mwili wangu ni nyumba ya kupanga,
kila chumba na luku yake.

Daktari Lyatuu ndiye aliyegonga ukuta wa katikati.
Alibonyeza viungo vya vidole, kimoja kimoja,
kama mtu anayechagua maparachichi na hana haraka,
kisha akauliza: umewahi kupoteza mimba?
Si kwa sauti ile niliyoizoea.
Kwa sauti ya mtu anayetafuta ufunguo.
Akasema damu ina askari. Wa kwako
wamesahau sura ya mwenye nyumba,
wanavipiga viungo, na huenda,
akanyamaza, akarudia, huenda, siapi,
hata wale watatu waliwaona wageni.
Wengi wenye baridi yabisi wanazaa, akasema. Tupime kwanza.

Huenda.
Nililibeba neno hilo kutoka Muhimbili hadi mlangoni kwangu.
Nimelishona, nimelifumua.
Watoto wa wenzangu huja.
Wangu huenda.

Kikulacho ki nguoni mwako, tulifundishwa.
Nguo nazijua mimi. Nimepekua pindo, mfuko, bitana.
Hiki kimekaa ndani kuliko nguo,
kinakula kwa mkono wangu mwenyewe.

Halafu vidonge. Jumatano tu, mara moja kwa wiki.
Vidole vitafunguka, akasema,
ila ukiwa unavimeza, usibebe mimba.
Ukimtaka mtoto tuambie mapema,
tubadilishe dawa, tungoje miezi.
Nikacheka hadi nesi akageuka.
Maana kwenye droo ya cherehani
kuna kitopu cha manjano, mikono bado,
na vidole vitakavyoweza kukimalizia
ni vile visivyo na wa kumvisha.

Mwinjuma hajaulizwa kadi na mtu yeyote.
Asubuhi hunifunga vifungo vya mgongoni,
hukosea, huanza upya toka chini.
Jana nikamwambia, nikiangalia ukuta:
huenda halikuwa kosa langu.
Akashika kifungo cha tatu, asikipitishe.

Yule wa mwisho nilimzika mimi, akasema.
Alikuwa na vidole.
Vyote. Vimenyooka.

Maji ya chai yakachemka jikoni, yakamwagikia moto.
Hatukwenda kuyaepua.